Miwaridi yangu yaharibika majani: ni ugonjwa, ni wadudu, au ni maji?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Tudor, na nina miwaridi mitano niliyoachiwa na mama mkwe. Mitatu iko ardhini kando ya ukuta wa jikoni, miwili iko kwenye vyungu barazani. Hadi Desemba ilikuwa ikichanua vizuri, nikikata maua ya kutia kwenye vikuba. Tangu Januari majani yanaharibika. Mengine yamepauka kama yaliyomwagiwa vumbi, mengine yamekauka ukingoni, mengine yamekatwa nusu duara kama kwa mkasi, na mwaridi mmoja wa ukutani unatoa majani mapya ya manjano. Dukani niliambiwa ni ugonjwa unaoenea, nikauziwa dawa ya wadudu, nikapuliza mara tatu. Jirani akanishauri magadi na majivu. Hali imezidi. Udongo ni ule ule na mbolea ni ile ile, ila tangu Januari mfereji hautoki wiki nzima na natumia maji ya kisima. Picha sita nimezituma. Je, huu ni ugonjwa gani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa hangaiko. Picha zako nimezitazama moja moja na kuzikuza kadiri zilivyokubali. Miwaridi yako haina ugonjwa. Ukungu sikuuona kwenye picha hata moja. Ulicho nacho ni mambo manne mbalimbali yaliyokutana kwenye miti mitano katika kaskazi moja, na kila moja lina chanzo chake. La kwanza ni kiumbe, mawili yametoka kwenye maji na udongo, na la nne si tatizo kabisa. Dawa moja isingeweza kuyaondoa yote hata ingekuwa nzuri namna gani. Na hiyo uliyouziwa, kwa lile la kwanza, ndiyo iliyolikoleza.

Kabla sijaingia ndani nikueleze ninavyolisoma jani, maana utaihitaji elimu hii tena masika yakiingia.

Kwanza naangalia umri wa jani. Ni la chini, kongwe, au ni la juu kwenye kichomozo kipya? Mti ukipungukiwa na naitrojeni au magnesi, huivuta kutoka majani makongwe na kuipeleka kwa machanga, kwa hiyo upungufu huanza kuonekana chini. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikishaingia kwenye jani hubaki humo, na kikikosekana ni majani mapya yanayozaliwa manjano. Pili naangalia umbo la dhara. Chumvi husafiri pamoja na maji hadi mwisho wa njia yake, yaani kwenye ncha na ukingo wa jani. Maji hupaa, yenyewe ikabaki pale pale, na jani likaungua kutoka nje kuja ndani. Mbegu za ukungu hutua popote upepo na matone yanapozipeleka, ndiyo sababu madoa yake hutawanyika ovyo. Mdudu mwenye meno huacha pengo. Mwenye mrija wa kufyonza huacha rangi iliyofifia. Tatu nageuza jani, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa juu huona jeraha tu na anayejeruhi amejificha chini.

Basi tuanze na yale majani yaliyopauka. Kwenye picha yako ya pili, lile si vumbi. Ni nukta ndogo za manjano, maelfu yake, na kila nukta ni mahali ambapo seli za jani zimetobolewa na kufyonzwa zikabaki tupu. Nukta zikiungana, jani hugeuka rangi ya shaba, hukauka, huanguka. Tena penye kikonyo naona nyuzi nyembamba kama za buibui, zimeunganisha jani na jani. Huyo ni utitiri. Wakulima humwita utitiri mwekundu, ingawa kwenye mwaridi mara nyingi ana rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na madoa mawili meusi ubavuni. Urefu wake ni nusu milimita tu. Si mdudu: ana miguu minane, ni ndugu wa buibui na papasi, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuponza.

Dawa nyingi za kuua wadudu zinazouzwa madukani ni za jamii ya pairethroidi, mfano saipamethrini na deltamethrini. Hizo huua wadudu kwelikweli, lakini utitiri huu huugusa kidogo tu. Wanaokufa ni maadui zake: utitiri mwindaji, mbawakawa wadogo wa madoadoa, na wengine ambao huwezi hata kuwaona bila kioo cha kukuzia. Umepuliza mara tatu, maana yake kila walipotaka kurudi umewaondoa tena, na mharibifu akabaki peke yake mezani. Wakulima wa mawaridi wa Naivasha wanalijua jambo hili vizuri, na mashamba mengi ya huko siku hizi huachilia utitiri mwindaji aitwaye Phytoseiulus persimilis ndani ya vibanda vyao ili amle huyu mharibifu. Wewe huna haja ya kumnunua. Acha tu kuwaua walioko, watarudi wenyewe.

Halafu kuna joto. Februari na Machi hapa Mombasa mchana hufika nyuzi 32 hadi 33. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, yai la utitiri huwa utitiri mkubwa kwa muda wa wiki moja tu, na jike mmoja huweza kutaga mayai mia katika maisha yake. Piga hesabu ya Januari mpaka leo. Mti wa barazani, chini ya paa, usiopata mvua wala umande wa kuusuuza, ndio makao anayoyapenda kuliko yote.

Kuhakikisha, chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, uligonge tawi mara mbili tatu. Tulia kidogo utazame. Vumbi likianza kutembea, umewapata.

Dawa yake ni maji na subira. Alfajiri au asubuhi mapema, shika mpira wa maji, weka kidole mdomoni mwake maji yatoke kwa nguvu, ulenge upande wa chini wa majani. Fanya hivyo kila baada ya siku moja kwa wiki mbili. Utitiri akiangushwa chini ni nadra kurudi juu. Kama maji ya mfereji hayapo siku hiyo, tumia chupa ya kupulizia yenye maji matamu na usugue upande wa chini kwa kidole au kitambaa laini. Kwa miti mitano kazi hiyo inawezekana. Baada ya wiki ya kwanza, ongeza mafuta ya mwarobaini, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji vuguvugu, pamoja na matone machache ya sabuni laini ya maji ili mafuta yachanganyike. Puliza jua linapozama, chini ya majani hasa, urudie kila siku ya tano mara tatu, kwa sababu mayai hayadhuriki sana na yataendelea kuanguliwa. Kwanza lijaribu tawi moja usubiri siku mbili. Usipulize mchana wa jua hata siku moja: mafuta na sabuni kwenye joto hili huunguza jani, utadhani ugonjwa mpya umeingia.

Na mchanganyiko huo usiuchanganye na maji yako ya kisima. Sabuni kwenye maji magumu huganda ikawa utando, mafuta yakaelea pembeni, ukapuliza maji matupu. Nimekutana na watu wengi waliouacha mwarobaini wakisema haufai, na kumbe kosa lilikuwa la maji.

Sasa nije kwenye maji yenyewe. Mwanangu, habari ya kisima umeiandika kwa kupita tu, mwisho mwisho wa swali, nami kwangu hiyo ndiyo nzito kuliko nyingine zote. Utitiri wataondoka. Chumvi ndiyo itakayoua miti hiyo, na kwa picha ya nne na ya tano, ile ya vyunguni imeshaanza.

Itazame tena picha ya nne. Majani makongwe yamekauka kuanzia ncha, rangi ya kahawia, yakivunjika ukiyashika, na mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai umenyooka kama uliochorwa. Hakuna doa katikati ya jani. Na kwenye mdomo wa chungu, pamoja na upande wa nje wa udongo wake, kuna ukoko mweupe. Huo ukoko ndio ushahidi wenyewe. Maji hupaa kupitia udongo wa chungu na kuacha kilichokuwa ndani yake.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na nyufa. Mvua ikinyesha hupenya chini na kuelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kiangazi kikikaza na mfereji ukakatika, kila mtaa huvuta visima kwa wakati mmoja, tabaka lile jembamba la maji matamu hupungua, na ya chumvi hupanda kuchukua nafasi yake. Kisima ambacho Novemba kilikuwa na nafuu, Machi huwa kingine. Ukiwa Tudor, na hori ya bahari iko hapo nyuma ya nyumba, hali huwa hiyo hiyo au zaidi. Maji ya mfereji ni mambo mengine: sehemu kubwa hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mwaridi huyafurahia.

Nililipa karo ya somo hili mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na kitalu Kisauni, mfereji ulikatika kiangazi kizima nami nikanywesha miche ya waridi kwa kisima cha jirani. Niliona kingo zikikauka nikadhani ni jua. Nikazidisha maji, yaani nikazidisha chumvi. Nilipokuja kuelewa, safu mbili nzima zilikuwa kuni. Asumini na mibugenvilia iliyokuwa pembeni ikinyweshwa maji yale yale ilivumilia. Mwaridi hauvumilii.

Usiyaonje maji hayo kuyapima, kwa kuwa visima vingi vya kisiwani viko karibu na mashimo ya vyoo. Fulia kitambaa. Sabuni ikikataa kutoa povu ukabaki unasugua utelezi wa kijivu, maji ni magumu na huenda yana chumvi nyingi. Ukitaka uhakika, kuna kipima chumvi kidogo kama kalamu, kinachosoma uwezo wa maji kupitisha umeme. Mwongozo wa maji ya kumwagilia wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, unasema chini ya desisiemensi 0.7 kwa mita hakuna shida, na juu ya 3 shida ni kubwa. Waridi ni miongoni mwa mimea iliyo dhaifu kwa chumvi, kwa hiyo mimi kwenye chungu huanza kuingiwa na wasiwasi hata kabla ya 2.

La kufanya kwa vyungu viwili ni kuviosha. Hakikisha tundu la chini liko wazi, kisha mwaga maji matamu polepole hadi yapite kwenye udongo na kutoka chini, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 15 kitahitaji lita 30. Najua lita 30 za maji matamu Machi si jambo dogo nyumbani kwa mtu. Zikusanye kidogo kidogo. Kama nyumba ina kiyoyozi, weka ndoo chini ya mpira wake: yale ni maji yaliyotoka kwenye unyevu wa hewa, hayana chumvi, na mwezi kama huu ndoo hujaa haraka. Maji ya kusuuzia mchele nayo yafaa, alimradi hukutia chumvi. Sahani iliyo chini ya chungu iondoe, la sivyo mti utayanywa tena yale yale uliyoyatoa.

Ile ya ardhini, kama huna budi kuinywesha maji ya kisima, inyweshe kwa nadra na kwa wingi badala ya kidogo kidogo kila jioni. Maji kidogo huishia juu, hupaa, huacha chumvi kwenye mizizi. Maji mengi husukuma chumvi chini. Usiyarushe kwenye majani, kwa maana tone la maji ya chumvi likikaukia kwenye jani huliunguza hapo hapo. Funika udongo kwa matandazo ili jua lisiukaushe. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri sana, ila uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na lazima yasuuzwe maji matamu mara kadhaa kwanza.

Mbolea nayo isimame. CAN, DAP, samadi ya kuku, zote zina chumvi zake, na mti ulioungua ukilishwa huungua zaidi. Ngoja mpaka uone machipukizi mapya yenye afya.

Na sasa magadi. Jirani yako alikutakia heri, na ushauri huo umeenea, lakini magadi ni chumvi ya sodiamu. Baadhi ya watu huyatumia kuzuia ukungu unaofanana na unga, na wewe ukungu huo huna. Ulichokifanya ni kuongeza sodiamu kwenye udongo uliokwisha kulemewa nayo. Usirudie. Majivu yamefanya dhara la namna nyingine, na hapo ndipo tunapoingia kwenye mwaridi wako wa manjano.

Picha ya sita ni nzuri kabisa kwa kufundishia. Majani ya juu, mapya, ni manjano. Mishipa yake imebaki kijani, imejichora kama ramani ya mito. Majani ya chini ni kijani kizuri. Kwa kanuni niliyokupa, basi ni kitu kisichohamishika kilichokosekana, nacho ni chuma. Ungekuwa umeona manjano chini na kijani juu ningekuambia naitrojeni, au magnesi.

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba chuma kimo kwenye udongo wako. Kimo tele. Ila udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi, na penye chokaa chuma hujifunga, mzizi usiweze kukichukua. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua), na udongo wetu mara nyingi hupita 7.5. Wewe umeongezea hapo ukuta wa jikoni: nyumba za zamani za mtaa wako zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na kila mvua huteremsha kidogo kwenye udongo ulio chini yake. Majivu pia hupunguza uchachu, kwa hiyo uliuongezea mti kile kile kinachoukaba. Msiyadharau matumbawe. Kule Bamburi, walipoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, ni aina chache mno zilizoweza kuishi, mvinje ukiwa wa mbele. Mwaridi si mvinje.

Kwa haraka, tafuta mbolea ya chuma iliyofungwa kwa njia inayostahimili udongo wa chokaa. Angalia kwenye lebo herufi EDDHA. Ile ya EDTA hupoteza nguvu kwenye udongo kama wetu, nayo ndiyo ya bei nafuu utakayoonyeshwa kwanza. Unaimimina ardhini jioni, kwa kipimo kilichoandikwa, na ndani ya wiki mbili tatu machipukizi mapya huanza kutoka kijani. Misumari yenye kutu inayozikwa kwenye shina haisaidii kitu, maana chuma hicho nacho kitajifunga. Dawa ya kudumu ni kuuhamisha mti huo, angalau mita moja na nusu kutoka ukutani, kwenye shimo pana ulilolijaza udongo mwekundu na mboji iliyoiva.

Yale majani yaliyokatwa nusu duara, mwanangu, yaache. Huyo ni nyuki mkata majani. Hali jani hata kidogo. Hulikata kipande safi cha duara, hukibeba miguuni, akaenda kukizungushia ndani ya tundu la mti mkavu au unyasi na kumtengenezea mwanawe chumba. Mwaridi haupungukiwi kitu. Naye ndiye mmoja wa wachavushaji wakubwa wa mbaazi, na mtu wa Mombasa anayekula mbaazi za nazi na mahamri asubuhi hana sababu ya kumpulizia sumu. Tofauti yake na viwavi ni usafi wa mkato: kiwavi hutafuna ovyo, huacha vijinyesi vyeusi kama mbegu kwenye jani la chini yake. Ukiona majani yametafunwa na mchana hakuna mtu, toka na tochi saa tatu usiku. Mbawakawa wa kahawia huja giza likiingia, na unaweza kuwaokota kwa mkono ukawatia kwenye kopo la maji ya sabuni.

Nimalizie na kitu ambacho huna bado, lakini utakuwa nacho wiki chache zijazo usipojiandaa. Masika yakianza, utitiri watapungua wenyewe, chumvi itasuuzwa, nawe utafurahi. Hapo ndipo ukungu wa madoa meusi huingia. Utautambua hivi: doa jeusi la mviringo upande wa juu wa jani, upana wake kutoka milimita 2 hadi 12, na ukingo wake hauko laini, umechanika kama pindo la kanga lililofumuka. Kuzunguka doa jani hugeuka manjano, kisha huanguka, kuanzia chini ya mti kupanda juu. Hakuna dhara jingine la waridi lenye pindo hilo.

Ukungu huo unahitaji jani liwe limelowa kwa saa 7 mfululizo hivi ndipo mbegu zake zishike. Ndiyo sababu nilikuambia uoshe utitiri asubuhi mapema, jua lipate kukausha majani. Ukiosha usiku, unatibu hili na kulikaribisha lile. Mvua zikianza kweli, acha kuosha. Okota kila jani lililoanguka, litie kwenye taka, si kwenye mboji, kwa sababu mbegu hukaa humo na mvua huzirusha juu tena. Kata matawi yanayosongana katikati ili upepo wa kusi upite. Dawa za ukungu zenye kiberiti zinafaa, ila si siku za joto kupita nyuzi 30, wala si ndani ya wiki mbili tangu upulize mafuta ya mwarobaini. Vikikutana huunguza majani.

Ukiuona unga mweupe kwenye majani machanga yaliyojikunja, huo ni ubwiri unga, nao unahitaji hewa tu na kukata ncha zilizoathirika. Kutu ya rangi ya chungwa chini ya majani, na yale madoa ya zambarau yenye pembe unayoyaona kwenye vitabu vya waridi, ni ya kwenye baridi. Usipoteze usingizi juu yake hapa pwani.

Wiki hii, basi, fanya matatu tu. Dawa ya wadudu ifunge uiweke mbali na watoto. Vyungu vioshe kwa maji matamu kadiri utakavyoyapata, uvisogeze mahali vitakaponyeshewa. Asubuhi, kila baada ya siku moja, geuza majani na uyasafishe chini. Mwaridi wa ukutani usiuhamishe sasa, jua litauua. Ngoja mvua zishike, kisha uuhamishe siku ya mawingu na donge lake la udongo. Na paa lako liwekee mfereji wa kukinga mvua na pipa kabla ya hapo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 800, na mvua ya namna hiyo Mei si ngeni Mombasa.

Majani yaliyokwisha kuharibika usiyang'oe yote kwa uchungu. Yale yenye kijani kilichobaki bado yanaulisha mti. Toa yaliyokauka kabisa na yenye utando. Hayatarudi rangi yake, kwa hiyo usiyatumie kupimia maendeleo. Angalia vichomozo vipya tu, na baada ya wiki tatu nitumie picha ya majani matano ya juu kabisa ya kila mti, pande zote mbili.